Mtu anakalia boneti ya gari yako halafu anakwambia "itazoea"

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka gereji sasa hivi na mikono inatetemeka.

Yule fundi mnamjua. Yule wa kofia nyekundu, kule chini barabara kuu, mwenye redio kubwa kuliko gereji yenyewe. Msinilazimishe kumtaja, ana ndugu zake humu ndani na wanasoma.

AMEKALIA BONETI YANGU. Kwa makalio. Mchana kweupe.

Ngoja nianze vizuri. Nina Hilux ya zamani, ile ya injini ya 3L, niliachiwa na baba mdogo. Haijawahi kunivunjia heshima popote isipokuwa mlima wa Kitonga. Nikipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni kupandisha Iringa, ile 2779 cc isiyo na turbo ya kuisukumia hewa inalia mpaka mimi ndiye ninayeona haya. Gia ya pili, ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Malori ya Zambia yenye makontena yananipita na utingo ananipungia mkono. Nyani wa pale mlimani wananijua kwa sura, nadhani na jina.

Ndipo yule bwana akanijia na maneno matamu. "Bosi, hapa tunafunga injini ya 1KZ, ile ya Toyota Surf, utapanda Kitonga unaongea na simu." 2982 cc. Ukipiga hesabu nyongeza ni cc 203, haifiki hata chupa ya soda, lakini kuna turbo, na turbo ndiyo niliyokuwa naitaka. Akasema ameshafunga nyingi. Akaapa kwa marehemu mama yake. Akaniambia ni kazi ya wiki moja, na wiki za mafundi mnazijua, hazina Jumamosi.

Leo ananipigia, njoo uchukue mashine. Nafika, injini imo, inanguruma, sikatai. Boneti iko juu. Nikajua ameiacha wazi makusudi ili nione kazi. Kumbe HAIFUNGI. Ile 1KZ aliyoleta ina intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo, juu ya injini, na kwenye Surf boneti yake ina mdomo wa kuvuta hewa na nafasi ya kutosha. Yangu ni bapa. Namuuliza, fundi, mbona haishuki? Hanijibu. Anageuka, anarudi kinyumenyume, anajipandisha, ANAKAA. Anawaita na vijana wake wawili, mmoja kulia mmoja kushoto. Mmoja ana chapati mkononi. Watu watatu na chapati moja juu ya boneti yangu. Bati likalia krrrk. Akashuka, akajipangusa suruali, akaniangalia usoni:

"Bosi, itazoea."

Itazoea nini? Bati linazoea? Ni boneti au bwana harusi?

Hapo sijagusa waya. Pampu ya injini ile inaendeshwa na kontroli boksi. Yangu iko wapi? Imefungwa kwa mpira wa tyubu pale abiria anapoweka miguu. Sasa kila anayepanda inabidi nimwambie shikamoo mzee, usikanyage ubongo wa gari. Rejeta ya kupozea injini ni ileile ya 3L. Nimehoji, nikajibiwa Iringa kuna baridi. Ruaha Mbuyuni je? Pale hata kivuli kinatafuta kivuli!

Lakini hayo yote nasamehe. Mimi narudi kwa yule wa chapati. ALIKUWA ANATAFUNA. Boneti inapinda, yeye anatafuna, ananiangalia, anatafuna. Alama za vidole vya mafuta zipo mpaka sasa, tano, zimejipanga vizuri kabisa.

Nawasilisha. Matusi nimeyaacha kwa heshima ya wakubwa.

Mzee wa Difu: Tupia picha ya boneti. Na ya chapati kama ipo.

Klachi Plate: Namjua huyo jamaa! Mimi alinifungia klachi, nikiikanyaga taa za nyuma zinawaka. Nikamrudia, akaniambia bosi hiyo ni usalama wa ziada, wengine wanalipia.

Mjukuu wa Kalenga: Naomba namba yake. Nina mama mkwe ana mwaka wa tatu hajazoea, nataka akakaliwe kidogo.

Mwenye uzi: Mnacheka. Mtu alikuwa anatafuna juu ya mali yangu.

Utingo Mstaafu: Mimi ndiye niliyekuwa nakupungia. Nilikuwa nakuambia mlango wa nyuma uko wazi, vitunguu vinadondoka.

Gia Tano: Pole mkuu, ila nisikilize, boneti ndiyo shida ndogo kuliko zote hapo. Hedi ya 1KZ, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini na ugonjwa wake unajulikana: ikichemsha, inapasuka. Sasa wewe unaipandisha Kitonga na magunia juu ya rejeta ya 3L? Ilula utaisikia kwenye redio. Tafuta rejeta ya gari ilikotoka hiyo injini, klachi ya feni ikaguliwe, ile intakula ama ihamishwe mbele ya rejeta ama boneti ikatwe iwekewe mdomo. Angalia na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, isikaribiane na difu ya mbele springi zikilala. Na breki! Umeongeza mbio, breki ni zile za baba mdogo.

Mzee wa Difu: Mwenzetu amekuja kulia, wewe unamfungulia darasa la ufundi la VETA.

Gia Tano: Mzee wa Difu, wewe hata tairi unabadilishiwa.

Stika ya Bima: Swali dogo tu kwa mleta mada. Kadi ya gari umebadilisha? Maana kadi inasoma namba ya injini ya zamani na cc za zamani. Kwa watu wa mapato, TRA, hujakwenda, bima hujawaambia. Siku trafiki akikuambia fungua boneti nilinganishe namba, utasemaje?

Klachi Plate: Haitafunguka. Imeshazoea.

Mwenye uzi: 😡

Mwanaume wa Sita: Hizi KZ ni za kuringia mjini. Gari ya kazi inafungwa 1HZ, silinda sita, 4164 cc, haina turbo, haina kompyuta, haina maneno mengi. Unaweka dizeli unaondoka. Wenye Land Cruiser wananielewa.

Gia Tano: Silinda sita za mstari ndani ya Hilux? Rejeta utaiweka wapi?

Mwanaume wa Sita: Nafasi huwa inapatikana.

Mjukuu wa Kalenga: Itapakatwa na abiria. Yeye na kontroli boksi mguuni, wanaendelea na safari.

Bibi Vitunguu: Mimi nauliza tu. Baba mdogo kakuachia 3L, injini isiyojua kufa, umeitupa kwa sababu ya aibu ya mlimani. Utingo anampungia kila mtu, mwanangu. Na hiyo 3L iko wapi sasa hivi?

Mwenye uzi: Alibaki nayo yeye. Alisema ataitunza.

Bibi Vitunguu: Yesu na Maria.

Klachi Plate: Ameitunza kwenye gari ya shemeji yake, nimeiona jana Kihesa inatembea safi. Boneti inafunga.

Mwenye uzi: Naomba turudi kwenye boneti wakuu. Hakuna anayezungumzia alivyoshuka akajipangusa suruali. Alijipangusa yeye! Boneti hakuipangusa!

Suti Nyeusi: Afadhali wewe una fundi gari. Mimi fundi cherehani kanishonea suruali ya kipaimara cha mwanangu, haivuki magoti. Namwambia inabana, ananijibu "itaachia ukianza kutembea". Nilitembea. Iliachia. Kanisani, wakati wa sadaka.

Mzee wa Difu: Nyuma au mbele?

Suti Nyeusi: Kote.

Mlango Mmoja: Seremala wangu kachonga kitanda sita kwa sita, kakiunganisha hukohuko kwake, kimefika hakipiti mlangoni. Amekaa, amekuna kichwa, ameniambia tajiri, hapa dawa ni kubomoa ukuta. Na ana mdogo wake ni fundi mwashi.

Mjukuu wa Kalenga: Hiyo ni kampuni kabisa.

Utingo Mstaafu: Mafundi wote wana afadhali, cherehani ndiye baba lao. Wangu kila nikienda anasema "imebaki kifungo tu". Kitambaa bado nakiona kimekunjwa vilevile nilivyokileta, hata stika ya dukani haijatoka.

Mwenye uzi: Wakuu mada ni gari.

Suti Nyeusi: Mada imehama mkuu, fuata nyayo.

Mwenye uzi: Basi kuna mwenye boneti ya Hilux iliyokwishatobolewa mdomo? Nanunua.

Binti wa Kwanza: Nyie bado. Mimi nilipeleka kitambaa cha shati la mume wangu, zawadi yake ya sikukuu. Nikazungushwa wee, mara umeme, mara sindano imekatika. Jumamosi tumekwenda harusini Mafinga, nani anaingia ukumbini? Fundi. Kavaa lile shati. Limemkaa vizuri kuliko litakavyomkaa mume wangu. Akanisalimia.

Mlango Mmoja: Ulimfanya nini?

Binti wa Kwanza: Ukumbini kwa watu ningefanya nini? Nilimfuata taratibu nikamwomba asile pilau nalo.

Mlango Mmoja: Akakubali?

Binti wa Kwanza: Alikula. Na mchuzi akaongeza.