Hivi Ukristo unabeba lawama ya damu iliyomwagwa na Wakristo? Tuanzie Rwanda 94

Kijana wa Jumuiya
Wakuu habari za jioni. Mada ngumu kidogo hii naomba tuijadili bila matusi, na wale wa ubishi wa dini ipi bora wafungue uzi wao.

Juzi kwenye jumuiya mazungumzo yaliangukia mauaji ya kimbari ya Watutsi kule Rwanda nikauliza imekuwaje nchi yenye Wakristo karibu asilimia 90, tena Wakatoliki ndio wengi zaidi, watu wakauana mpaka ndani ya makanisa. Ntarama, Nyamata, Nyange, kote huko watu walikimbilia kanisani kwa sababu kwenye machafuko ya miaka ya nyuma ukishaingia humo unapona. Nikajibiwa tu "wale hawakuwa Wakristo wa kweli" tukahamia mambo ya michango.

Sijaridhika. Seromba alikuwa padri, ndiye aliyekuwa anaongoza parokia ya Nyange, na kesi yake imesikilizwa hapahapa Arusha, kwenye ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda. Watu wasiopungua 1,500 walikuwa wamejificha mle ndani, likaletwa buldoza likaangusha kanisa juu yao, na majaji wa rufaa wakasema alikubali libomolewe na akamwonyesha dereva upande ulio dhaifu. Upande ulio dhaifu wa kanisa lake mwenyewe!! 2006 alipewa miaka 15, rufaa ya 2008 ikawa kifungo cha maisha. Sasa mtu kama huyo naambiwa hakuwa Mkristo kweli, na misa alizokuwa anaongoza zilikuwa za nani?

Mtu wa Tukuyu
Mleta mada nakuelewa ila usichanganye mafaili. Dhambi ni ya mtu. Papa Yohane Paulo II aliwaandikia Wanyarwanda mwaka 1996 akasema hilohilo, Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa makosa ya watu wake walioenda kinyume na Injili, ila waliotenda wakubali kujibu mashtaka. Redio iliyokuwa inawaita Watutsi mende haikuwa ya Kanisa, wanamgambo walikuwa wa chama tawala.

Na mbona hamumtaji Félicité Niyitegeka wa Gisenyi? Mhutu yule, alikuwa anaficha watu na kuwavusha mpaka Kongo. Kaka yake alikuwa kanali jeshini akamtumia ujumbe atoke pale kabla hajauawa, akajibu haondoki bila watu wake, akauawa pamoja nao. Alifanya vile kwa sababu ya imani. Kama Seromba ni Ukristo basi na Félicité ni Ukristo.

Bi Mkorosho
@Mtu wa Tukuyu kaka hapo unatokea mlango wa nyuma. Tukiongelea hospitali na shule tunasema kifua mbele "Ukristo umetuletea", hakuna anayesema ni Wakristo fulani kwa hiari yao binafsi. Ikija habari ya damu ghafla ni mtu binafsi, tena hakuwa Mkristo. Ukirithi shamba la marehemu umerithi na madeni yake, huwezi kuvuna korosho halafu mwenye deni akija unamwambia mimi simjui.

Tena Rwanda siyo habari ya padri mmoja aliyepotoka. Askofu Classe wa White Fathers (shirika la wamisionari Wakatoliki) ndiye aliyewaambia Wabelgiji watawale kupitia machifu wa Kitutsi, kwamba hao ndio wamezaliwa kuongoza, na shule za misheni zikafuata mkondo huohuo. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kwenye vitambulisho, huyu Mhutu huyu Mtutsi huyu Mtwa. Kufika miaka ya 50 upepo umegeuka, wamisionari wapya wakawa upande wa Wahutu, na Kayibanda aliyekuja kuwa rais alikuwa mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kanisa, na mtu wa karibu wa Askofu Perraudin. Yaani Kanisa lilihama upande tu, lile wazo kwamba hawa ni mbegu mbili tofauti za watu likabaki palepale na likaendelea kufundishwa. Halafu Askofu Mkuu wa Kigali, Nsengiyumva, amekaa miaka na miaka kwenye kamati kuu ya MRND, chama cha Rais Habyarimana kilichokuwa kinatawala, mpaka Roma ilipomtaka atoke. (Naye aliuawa Juni 94 na askari wa RPF, waasi waliokuwa wanapigana na serikali hiyo, nalisema kabla hamjaniletea.)

Yesu hakusema ueni, hilo silibishi hata dakika moja. Siishtaki Injili, naishtaki taasisi. Na huyo Félicité namheshimu sana lakini alifanya vile wakati wakubwa wengi wamekaa kimya.

Kilwa Masoko
Asalaam aleikum. Mnaenda mbali wakati mambo yapo hapa nyumbani. Julai 1505 meli za Mreno Francisco de Almeida zilifika Kilwa wakauteka mji, na kuna maelezo ya mtu aliyekuwa kwenye msafara uleule: mapadri wa Kifransisko wakashuka na misalaba miwili wanaimba Te Deum (wimbo wa kumshukuru Mungu), wakaenda mpaka jumba la mfalme, msalaba ukawekwa chini, kamanda akasali, baada ya hapo ndio watu wakaanza kupora. Kwanza sala halafu uporaji, siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata wakachoma Mombasa.

Na wale hawakujituma wenyewe. Mwaka 1455 Papa Nikolasi V alimpa mfalme wa Ureno hati ya kuwavamia Waislamu na wapagani na kuwatia utumwani milele. Hapa huwezi kuniambia muumini amepotoka, karatasi imetoka juu na muhuri wake. Vatikani imekuja kuukana ule mfumo wa "nimegundua nchi yako kwa hiyo ni yangu" Machi 2023, tena ikasema zile hati hazijawahi kuwa fundisho la imani. Aliyetiwa minyororo angejuaje tofauti?

Mtu wa Tukuyu
Sheikh ongeza na 1631 basi. Yusuf bin Hasan mfalme wa Mombasa, aliyesomeshwa Goa na kubatizwa, akarudi kwenye Uislamu akamuua kapteni wa Fort Jesus, ngome ya Wareno, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa, wakiwemo Waswahili wenzake. Nao ni Uislamu uliua?

Kilwa Masoko
Wareno walikuwa na mkono kwenye kifo cha baba yake, kisasi kilikuwepo. Lakini wale Waswahili waliouawa kwa kukataa kusilimu walidhulumiwa, sina utetezi hapo na sitasema Yusuf hakuwa Muislamu wa kweli.

Kijana wa Jumuiya
Asanteni, kumbe uzi unaweza kwenda bila matusi. Kuna kitu nimekumbuka, Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha, barua ikasomwa parokiani, ila waliomba kwa niaba ya waumini waliokosa, na serikali ikajibu kwamba haitoshi. Machi 2017 Papa Fransisko alipokutana na Kagame akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Kwa hiyo hata Roma 1996 na 2017 siyo msimamo mmoja.

Mtu wa Tukuyu
Sawa, Papa kaomba. Bado nauliza hiyo "taasisi" mnayoishtaki unaipeleka mahakama gani? Kule Arusha walihukumiwa watu wenye majina.

Bi Mkorosho
Tuanze na dogo. Seromba baada ya Nyange alifika Italia, akawa anaadhimisha misa kwenye parokia karibu na Florence kwa jina lingine, mpaka alipojisalimisha 2002. Parokia hapewi mtu aliyetokea barabarani tu kaka, kuna ofisi ilimpokea na kumpangia. Hao nao wana majina.

Mtu wa Tukuyu
Hao waitwe hata kesho, sina shida.