Programu ya mauzo imeondoa taarifa ya deni la mteja baada ya kujisasisha: je, toleo la zamani linaweza kurudishwa?

KaraniWaDuka

Salaam ndugu wanajukwaa. Ninasimamia hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wetu wengi ni mafundi wanaochukua saruji, nondo na misumari kwa mkopo kisha kulipa kidogo kidogo. Kwa muda mrefu tumeandika mauzo na madeni kwenye programu ya simu ambayo sitaitaja jina. Kilichotufanya tuing'ang'anie ni kitu kimoja: ukifungua jina la mteja na kubonyeza kitufe kilichokuwa chini kulia, ilitoka taarifa ya PDF yenye tarehe, bidhaa, kiasi kilicholipwa na salio, nasi tulimtumia mhusika kwa WhatsApp kila mwisho wa mwezi. Fundi akibisha kwamba hakuchukua mifuko fulani ya saruji, taarifa hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi.

Wiki iliyopita programu ilijisasisha yenyewe usiku, na asubuhi kitufe hicho hakikuwapo. Mahali pake pamewekwa michoro ya rangi inayoonyesha mwenendo wa mauzo, ambayo inapendeza machoni lakini haimdai mtu. Niliwaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu kwamba programu imeboreshwa na kwamba ninaweza kutazama jumla ya madeni yote kwa pamoja, jambo ambalo sikuwa nimeuliza.

Mwezi unakaribia kuisha. Naomba kujua kama ninaweza kulirudisha toleo la zamani, kama ni salama kulipakua kutoka kwenye tovuti zinazoyatunza matoleo hayo, na kwa nini kampuni iondoe kitu ambacho wateja wake wanakitegemea.

FundiSimu

Pole, mleta mada. Kabla ya jambo lolote, usiifute programu hiyo kwenye simu yako. Android haikubali toleo la zamani lisakinishwe juu ya lile jipya, kwa hiyo kila atakayekuelekeza namna ya kurudi nyuma atakuambia uiondoe kwanza, na ukiiondoa, kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya simu peke yake zinaondoka nayo. Hakikisha kwanza kama madeni yako yanatunzwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni: ingia kwa akaunti hiyo hiyo kwenye simu nyingine, utazame kama majina na masalio yote yanaonekana. Hata yakionekana, hakuna hakika kwamba toleo la zamani litakubaliwa na seva, au kwamba litaweza kuzisoma kumbukumbu zilizokwisha kubadilishwa mpangilio na toleo jipya.

Kuhusu kupakua kwingine, nisingekushauri, na sababu yake watu wengi hawaijui. Unaposasisha programu iliyomo kwenye simu, Android hulinganisha saini ya faili jipya (alama ya kidijitali inayoonyesha nani aliyelitengeneza) na saini ya programu iliyopo, na zikitofautiana hukataa. Ukishaifuta ile iliyopo, hakuna tena cha kulinganisha nacho, kwa hiyo faili lililochezewa linaweza kuingia bila kipingamizi hicho. Programu yenye majina, namba za simu na madeni ya wateja wako si ya kufanyia majaribio ya namna hiyo, hasa faili likitoka kwenye kikundi cha WhatsApp.

Je, hapo dukani hakuna simu nyingine yenye programu hiyo ambayo bado haijasasishwa? Kama ipo, fungua ukurasa wa programu kwenye Play Store, bonyeza vidoti vitatu vya juu, uondoe alama ya kusasisha kiotomatiki kwa programu hiyo pekee. Usizime masasisho ya simu nzima, kwa sababu mengi yanaziba mianya ya usalama.

MsanifuMifumo

Nimetengeneza programu za biashara kwa miaka kadhaa, hivyo nitalijibu swali la tatu, ambalo kampuni huwa hazipendi kulijibu waziwazi. Mara nyingi hakuna mtu aliyeketi kikaoni akaamua kukunyima kitufe chako. Kinachotokea ni kwamba msimbo wa zamani, yaani maandishi yanayoiendesha programu, umekuwa mgumu kurekebisha, programu inaandikwa upya kuanzia mwanzo, na tarehe ya kulitoa toleo jipya inafika kabla vipengele vyote havijahamishwa. Hapo ndipo wanapochagua kipi kiingie na kipi kisubiri, na wanachokitazama ni takwimu za matumizi. Takwimu hizo zinahesabu mibonyezo, hazipimi uzito wa kazi. Michoro ya mauzo iliyo kwenye ukurasa wa kwanza inahesabiwa kuwa imetazamwa kila mtu anapofungua programu, hata kama alikuwa anapita tu kwenda kuandika deni. Taarifa ya mteja inatolewa mwisho wa mwezi, tena na karani peke yake, kwa hiyo kwenye jedwali lao inaonekana kama kitu ambacho karibu hakitumiki.

Hata kampuni kubwa zimeyapitia haya. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, ule mwambaa wa chini wenye alama za programu ulikuwa umeandikwa upya, na watu waliozoea kuuweka pembeni au juu ya kioo wakakuta hauhami tena. Maelezo ya Microsoft yalikuwa kwamba wanaouhamisha ni wachache. Hata kuburuta faili na kuliweka juu ya alama ya programu kulikuwa kumeondolewa, kukarudishwa mwaka 2022. Sonos, watengenezaji wa spika, walitoa programu mpya ya simu Mei 2024 ikiwa haina uwezo wa kuhariri kengele za kuamsha wala kipima muda cha kulala. Mkuu wa kampuni hiyo, Patrick Spence, aliomba radhi hadharani Julai, na Januari 2025 aliachia wadhifa wake.

Ukiwaandikia tena, usiseme "rudisheni toleo la zamani", kwa sababu ujumbe wa namna hiyo huwekwa kwenye fungu la watu wasiopenda sura mpya. Eleza kazi iliyokwama: nani anatoa taarifa, lini, anampelekea nani, na ni fedha gani hazikusanyiki kwa kukosekana kwake.

Mzee_wa_Nokia

Mkuu Msanifu, umewatetea kupita kiasi. Nimeona programu zikiondoa kitu, zikanyamaza miezi michache, kisha kitu hicho hicho kikarudi ndani ya kifurushi cha kulipia. Nakubali kwamba wakati mwingine mikono yao hufungwa: Mei 2022 Google ilizuia programu za Play Store kutumia huduma za ufikivu (zile za kuwasaidia watu wenye ulemavu kutumia simu) kurekodi mazungumzo ya simu, na Truecaller, programu ya kutambua anayepiga, ikalazimika kuuondoa uwezo huo. Lakini hapa hakuna sheria yoyote ya Google inayokataza kumwandikia fundi deni lake.

KaraniWaDuka

Nawashukuru nyote. Ndugu FundiSimu, simu ya ghalani haikuwa imesasishwa, kwa sababu haiwekewi bando mara kwa mara. Kitufe bado kipo. Nimezima sasisho la kiotomatiki kama ulivyoelekeza, na nimeanza kutoa taarifa za wateja wote wenye madeni. Je, simu hiyo nikiiacha bila mtandao nitaweza kuitumia mwezi ujao pia?

FundiSimu

Kuitumia utaitumia, lakini madeni mapya unayoyaandika kwenye simu yako hayatafika huko bila mtandao, na ukiuwasha, programu inaweza kukulazimisha usasishe kabla ya kufunguka. Leo hii, pamoja na hizo PDF, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kutoa kumbukumbu zote kama faili la Excel au CSV (jedwali la maandishi matupu), ulihifadhi nje ya simu. Ukiwa nalo, unaweza kuchuja jina la mteja mmoja na kupata tarehe, bidhaa na salio lake bila kuitegemea kampuni hiyo, na ukiamua kuhamia programu nyingine utakuwa na cha kuhamia nacho. Angalia pia kama toleo jipya bado linatoa faili hilo. Kama nalo limeondolewa, mimi nisingesubiri jibu la barua. Ningeanza kutafuta programu nyingine mwezi huu.