Virejeshi katika madarasa ya juu ya msingi: tuanze na amba- au tuanzie ndani ya kitenzi?

Mtoa mada

Tunapofundisha virejeshi, yaani silabi zinazorudi kwenye nomino iliyotajwa, kama -ye- ya "aliyekuja", mazoea ya wengi wetu ni kubandika ukutani jedwali la ambaye, ambao, ambacho, ambavyo, likakaririwa, ndipo baadaye tuguse "aliyekuja" na "kilichovunjika". Napinga mpangilio huo. Mtoto wa darasa la tano tayari anasema "aliyenipiga", "ninachotaka", "tulipofika" bila kufundishwa na mtu. Ukimletea amba- kama ndiyo kirejeshi chenyewe, anaipachika juu ya kile alichokuwa nacho, na hapo ndipo inapozaliwa "mtoto ambaye aliyeanguka". Urejeshi umekaa mara mbili, na mmoja ulitosha.

Napendekeza hivi. Chukua sentensi mbili zenye nomino moja: *Mtoto alianguka. Mtoto analia.* Kitenzi cha kwanza kiandike kwenye vipande vya karatasi: A, LI, ANGUKA. Kipande cha rangi nyingine kiwe na YE. Wanafunzi watafute mahali pa kukichomeka, yaani baada ya wakati na kabla ya mzizi: A-LI-YE-ANGUKA. Kisha "mtoto" wa pili anafutwa: *Mtoto aliyeanguka analia.* Kipindi cha kwanza kiishie kwenye ngeli ya A-WA tu (nomino za watu na wanyama), na nyakati ziwe -li- na -na-. Wakati ujao upewe kipindi chake, maana -ta- inageuka -taka-: atakayekuja. Ukiichanganya na hizo nyingine, "atayekuja" utaisahihisha mwaka mzima.

Msahihishaji wa Insha

Mwalimu, yote hayo yanakwenda vizuri mpaka mtoto atakapotaka kusema *Mtoto ameanguka*. Kipande chako cha YE hakina pa kuingia, kwa kuwa -me- haipokei kirejeshi. Hu- ya mazoea haipokei, -ja- haipokei. Kwenye ukanushi hali ni mbaya zaidi: aliyesoma, anayesoma na atakayesoma, zote ukizikanusha ndani ya kitenzi unabaki na umbo moja, *asiyesoma*, ambalo halikwambii ni jana au kesho. Akitaka jana, hana njia ila *ambaye hakusoma*.

Amba- haigusi kitenzi. Mtoto anashughulika na silabi moja tu, ile ya mwisho, na silabi hiyo wala haihitaji jedwali. Mwambie achukue kihusishi -a cha nomino yake, ageuze *a* iwe *o*: kiti cha – ambacho, viti vya – ambavyo, jani la – ambalo, miti ya – ambayo, nguo za – ambazo, mahali pa – ambapo. Penye w, iwe wa, kwa au mwa, w inadondoka: mti wa – ambao, watu wa – ambao. Kinachovunja kanuni ni kimoja tu, A-WA katika umoja, inayochukua *ye*. Mtoto anayejua kusema "kiti cha babu" ameshamaliza robo tatu ya kazi.

Mtoa mada

Kanuni ya cha–cho naichukua yote, na nakushukuru. Ila haiitetei amba-. Inafanya kazi vilevile kwenye ki-li-cho-vunjika na i-li-yo-anguka. Tena inasaidia tahajia, ambayo huko kwenye kitenzi ndiko inakoharibika zaidi. Watoto huiangusha y inapotakiwa ("aliekuja") na kuichomeka isipotakiwa ("watu waliyokuja"), kwa sababu mdomoni *lio* na *liyo* zinakaribiana mno. Anayejua kwamba ni watu wa, basi o, ataandika *waliokuja* bila kubahatisha. Miti ya, basi yo: *iliyoanguka*.

Kuhusu -me- umenishika. Lakini hiyo ni hoja ya kuileta amba- katika wiki ya tatu, inapohitajika, watoto wameshaona pengo inalokuja kuliziba.

Mhariri

Mnabishania silabi, na silabi ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kumfanya mtoto ajue nani anamfanya nani nini. *Mtoto aliyeniona* na *mtoto niliyemwona* zote zina -ye-, kwa kuwa kirejeshi kinamfuata mtoto kwa vyovyote. Kinachobadilika ni kiambishi cha mtenda mwanzoni na cha mtendwa karibu na mzizi. Mwanafunzi aliyezoeshwa sentensi ambazo mtoto ndiye mtenda siku zote atakwama hapa. Angalau nusu ya mifano iwe ya mtendwa, na mtendwa akiwa mtu, -m- isikosekane. Kwa vitu visivyo na uhai, *kitabu nilichosoma* na *kitabu nilichokisoma* zote zipokewe. Kumkata mtoto alama hapo ni uonevu.

Halafu kuna mpangilio wa maneno. Amba- inaruhusu mtenda atangulie: *kitabu ambacho mwalimu alikinunua*. Urejeshi wa ndani unataka kitenzi kishikane na nomino yake, mtenda aje nyuma: *kitabu alichokinunua mwalimu*. Wanafunzi hukopa mpangilio wa amba- wakaandika "kitabu mwalimu alichokinunua". Huko ndiko kunakoonekana faida ya kufundisha maumbo haya mawili bega kwa bega, sentensi moja iandikwe kwa njia zote mbili. Anayetaka moja itangulie kwa wiki tatu anaahirisha tatizo tu.

Msahihishaji wa Insha

Bega kwa bega kuanzia siku ya kwanza? Hiyo ndiyo njia fupi kabisa ya kupata "ambaye aliyeanguka".

Mhariri

Si siku ya kwanza. Wiki ya pili. Na kosa hilo lina kipimo chepesi: mtoto apigie mstari kila silabi ya urejeshi katika kishazi kimoja, yaani kipande cha sentensi chenye kitenzi chake. Akipata mistari miwili, mmoja unakufa.

Mwalimu wa Darasa la Sita

Kinachoamua tunafundisha nini ni maswali ya mtihani. "Kiti ____ kimevunjika ni cha babu" linapima jedwali, basi. Mtoto anapata alama zote na hajui kishazi kinaishia wapi. Apewe sentensi mbili aziunganishe, au moja aitenganishe. La kutenganisha ndilo humuumbua aliyekariri.

Apewe pia nomino mbili zinazogombania kirejeshi: *mlango wa nyumba ambao umevunjika* na *mlango wa nyumba ambayo imevunjika*. Kimevunjika nini? Achore mshale kutoka kwenye kirejeshi kwenda kwenye nomino yake, kisha mwingine kutoka kwenye kitenzi. Mishale ikienda nomino mbili tofauti, kama katika "ambayo umevunjika", amejikamata mwenyewe. Viumbe hai wasisahauliwe: ni *kiboko aliyejificha*, ki- yake haina kauli hapo. Na *ndege ambaye ameruka* ana mabawa ya manyoya. *Ndege ambayo imeruka* ina rubani.

Naona pia hakuna aliyegusa urejeshi wa mwisho wa kitenzi. Huo hauhitaji jedwali wala karatasi za rangi, unahitaji methali: *Lisemwalo lipo. Aisifuye mvua imemnyea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.* Kila methali waigeuze mara mbili, *linalosemwa*, *ambalo linasemwa*, na watauona wenyewe wakati ukiingia na kutoka. *Kikulacho ki nguoni mwako* iwekwe mwisho, kwa wale wepesi: ku- hapo ni wewe unayeliwa, lakini ukiigeuza kuwa *kinachokula* haijulikani tena kama ku- ni wewe au ni ile inayobebwa na kitenzi cha silabi moja. Wabishane.

Mtoa mada

Methali nakubali, ila darasa la saba. Darasa la tano *aisifuye* ina i- ya mvua katikati, nao hata -m- ya *niliyemwona* bado haijatulia.