Naomba ushauri: nifanyeje kazi ya kompyuta isinimalize mwili?

Wakuu, habari za kazi. Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, na ikifika alasiri macho yanawasha, shingo imekaza kama ubao. Siku hizi natega kengele ya simu: kila dakika 20 naangalia kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Macho yamepata nafuu kweli, maana mtu akikodolea skrini hupepesa mara chache na macho yanakauka.

Kinachonitesa ni mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nami nikitoka kazini niko hoi. Halafu jumbe za kundi la kazi zinaingia hadi usiku wa manane. Nikizima arifa naogopa kuonekana sijali kazi, nikiziacha usingizi unakatika.

Wenye uzoefu, mazoezi mnayaingiza saa ngapi? Na bosi mlimwambiaje kuhusu jumbe za usiku hadi akaelewa? Waliotumia programu za kuhesabu hatua nao waniambie kama zinasaidia.