Matplotlib inameza mishale ya grafu kimya kimya, hata onyo haitoi!

Wakuu, leo siombi msaada, nalalamika. Kama umewahi kuchora grafu kwa Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora grafu), ukaweka maelezo na mshale, maandishi yakatokea ila mshale hakuna, uzi huu unakuhusu.

Nilikuwa nachora mvua ya kila mwezi. Nataka mshale mmoja tu uonyeshe kilele cha masika, Aprili. `annotate`, amri ya kuweka maelezo, imekamilika: `xy` (nukta inayoelekezwa) ipo, `xytext` (mahali pa maandishi) ipo, `arrowprops=dict(arrowstyle="->")` (mipangilio ya mshale) ipo. Naendesha, maneno "kilele cha masika" yanaelea peke yake. Hakuna erori, hakuna onyo, programu imefika mwisho kana kwamba kila kitu kiko sawa.

Sasa sikieni kinachoudhi. Mshale ulichorwa! Upo, tena mahali pake hasa, ila ni mweupe juu ya karatasi nyeupe.

Chanzo ni mstari wa Seaborn, maktaba nyingine inayotumia Matplotlib, ambao wengi wetu tunauweka juu kabisa ya faili ili grafu zipendeze: `sns.set_theme(style="whitegrid")`, au `sns.set()` kwa waliozoea ya zamani. Mstari huo unafanya `patch.edgecolor` (rangi ya ukingo wa maumbo) iwe nyeupe, halafu unawasha `patch.force_edgecolor` (inayolazimisha ukingo uchorwe). Kwa nguzo za histogramu ni sawa, ukingo mweupe unazitenganisha vizuri. Lakini kwa Matplotlib mshale nao unahesabiwa kundi moja na hizo nguzo, ni `FancyArrowPatch`, kwa hiyo unapakwa weupe uleule. Ukitumia `darkgrid` (mandhari ya kijivu, gridi nyeupe) ndiyo unachanganyikiwa kabisa, maana mshale unafanana na mistari ya gridi.

Dawa yake ni `color="black"` ndani ya `arrowprops`. Basi! Jioni nzima imeliwa na kitu cha namna hiyo, na bando la intaneti juu, maana majibu mengi niliyokutana nayo ni "soma maelezo rasmi". Nisome yapi? Maktaba ni mbili, kila moja kwa upande wake imefanya kazi yake, na anayeumia ni mtumiaji aliyeko katikati.

Na si hapo tu. Usipoweka `arrowprops`, hupati mshale. Hilo nakubali, limeandikwa wazi. Ukiiweka bila `xytext`, maandishi yanakaa palepale kwenye nukta, mshale haupati nafasi ya kuelekeza kitu. Ila kinachonichefua kuliko vyote ni hiki: ukishaandika maelezo yako kwa vipimo vya data, halafu chini ukabana mhimili kwa `set_xlim` na ile nukta ikabaki nje, Matplotlib inafuta mshale pamoja na maandishi yake. Unatakiwa ujue mwenyewe kwamba kuna `annotation_clip=False` ya kuzuia ufutaji huo.

Msiniambie haiwezi kutoa onyo. Ita `legend()` (kisanduku cha maelezo ya rangi na mistari) bila kuweka lebo yoyote uone itakavyokuambia papo hapo kwamba haikupata kitu chenye lebo. Kwa legendi mdomo inao, kwa mshale uliofutwa inakaa kimya, kwa nini? Mwanafunzi anapeleka ripoti kwa msimamizi, grafu ina maneno yasiyoelekeza popote, anaambiwa ni mzembe wakati kodi yake ya programu haina tatizo lolote.

Ninachodai ni kidogo. Matplotlib ikiacha kuchora kitu nilichokiomba, iseme. Na Seaborn itafute njia ya kuweka ukingo mweupe kwenye nguzo bila kugusa mishale.

Aliyekwama muda huu, kabla hujafumua kodi yako yote, chapisha `plt.rcParams["patch.edgecolor"]`. Ikikujibu `w`, yaani nyeupe, mshale wako upo, upake rangi. Na mwenye aina nyingine ya kupotea aiweke hapa pamoja na toleo la Matplotlib analotumia, nakusanya yote niyapeleke kwa watengenezaji.