Naenda Dubai mara ya kwanza nikitokea Kigoma: nichukue ndege ya bei nafuu au ile ya gharama?

MamaMashuka_Mwanga
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina duka la nguo na mashuka hapa Kigoma mjini, Mwanga. Miaka yote mzigo nachukua Kariakoo. Safari hii wenzangu tisa wa kikundi wamechanga pamoja nami, wamenikabidhi fedha niende Deira, kule kwenye masoko ya Dubai, nikalete mabegi ya shule, mapazia na mashuka kabla ya Januari. Nje ya nchi nimefika Bujumbura tu, tena kwa gari.

Nimeulizia tiketi ya Dar–Dubai, kwenda na kurudi. Kuna shirika la bei nafuu na kuna lile kubwa lenye jina. Wameachana karibu laki nne. Mume wangu hataki kusikia la bei nafuu, anasema nauli ikishuka hivyo ujue kuna kitu wamebana, na pengine ni matengenezo. Katibu wetu anasema laki nne ni mzigo kamili, tusiitupe angani. Hela ya watu kumi iko mikononi mwangu na usingizi sina. Naombeni ushauri wenu.

Fundi_Anga
Dada, hofu ya shemeji naielewa, ila mwambie nauli ndogo haitoki kwenye matengenezo. Ukaguzi wa ndege ni sharti la mamlaka za usafiri wa anga, na shirika halichagui kuufanya au kuuacha. Ryanair ya Ireland inauza tiketi za bei ya chini mno na inaruka tangu 1985, haijapoteza abiria hata mmoja kwa ajali.

Wanachobana ni vingine. Wanatumia aina moja ya ndege, kwa hiyo marubani, mafundi na vipuri ni vya aina moja. Flydubai, kwa mfano, ni Boeing 737 tupu. Viti wanavisogeza karibu karibu. Ndege ikitua inageuzwa upesi, maana ikiwa chini haiingizi kitu. Halafu chakula, kilo na kiti cha kuchagua wanakuuzia kimoja kimoja. Mnaokumbuka Fastjet walipoingia nchini Novemba 2012: walitangaza nauli za kuanzia dola 20, lakini kabla ya kodi, na begi la kupakiwa ulilipia pembeni. Mtindo ni uleule.

BintiKibirizi
Dada yangu, hiyo laki nne usiiamini bado. Rudi kwa wakala umuulize maswali haya haya: tiketi ya bei nafuu ina kilo ngapi za kupakia, kwenda na kurudi? Nikibadili tarehe nalipa nini? Nisiposafiri narudishiwa kiasi gani? Mara nyingi bei ya chini kabisa unayoonyeshwa ina begi la mkononi peke yake. Kilo zinunue mapema pamoja na tiketi, ukingoja kaunta pale uwanjani utalia.

MamaMashuka_Mwanga
Binti, asante sana. Nimetoka kwa wakala sasa hivi. Ni kweli, ile ya bei nafuu haikuwa na kilo hata moja ya kupakia. Tukiweka begi moja kwenda na mawili kurudi, tofauti inabaki laki moja na elfu ishirini. Kubadili tarehe nako kuna faini, wakati ile nyingine tiketi aliyonipa inabadilishwa bure kwa mara ya kwanza. Sasa naanza kuegemea ile ya gharama.

Gungu_Mpaka_Deira
Subiri kwanza. Mimi njia hiyo naijua. Kosa la wengi wanaoanza ni kutaka kurudi na mzigo wa biashara kwenye ndege ya abiria. Mabegi ya shule yanajaza nafasi, mapazia yana uzito. Hata wakikupa kilo 40, utabeba nini cha watu kumi? Deira imejaa mawakala wa mizigo wa Watanzania. Wa ndege wanahesabu kwa kilo, wa meli kwa ujazo, na mzigo unaupokea Kariakoo. Wewe unarudi na sampuli na nguo zako.

Ukienda hivyo, zile kilo ulizoongeza zifute, na ile ndege ya bei nafuu inarudi kuwa nafuu kweli. Ni saa tano na nusu hivi angani, mtu anavumilia. Kula Dar kabla ya kupanda. Ila kwa Januari meli usiitegemee kama hujaondoka hadi Novemba.

MzeeWaStesheni_Tabora
Nyote mnaongelea Dar–Dubai. Huyu mama anatoka Kigoma. Kipande kinachoua safari zetu ni cha huku.

Miaka michache iliyopita nilikata tiketi mbili tofauti: moja ya kunitoa Tabora hadi Dar, nyingine ya shirika la bei nafuu kwenda nje. Ndege ya asubuhi ikaahirishwa hadi jioni. Nilipofika Dar, ile ya pili imeshaondoka. Nikaambiwa tiketi imekufa, mkasa wa ndege ya kwanza hauwahusu. Na kisheria hawakukosea, maana mikataba ilikuwa miwili. Nililipa upya, na ile safari ilikuwa ya matibabu ya mke wangu. Mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitumia tiketi mbili, ingia Dar siku mbili kabla. Ulale kwa ndugu. Pia ujue ndege za ndani zinashukia Jengo la Pili na za nje zinaondokea Jengo la Tatu tangu 2019, si kuvuka korido tu. Kama muda unao, panda treni hadi Dodoma, pale uchukue ya SGR, ile reli ya kisasa, hadi Dar.

Njia nyingine ni tiketi moja tangu Kigoma. ATCL (Air Tanzania) wanakuja Kigoma, na Dubai walianza kwenda 2024. Ulizia bei yao ya moja kwa moja. Tiketi ikiwa moja, ukichelewa kipande cha kwanza ni jukumu lao kukufikisha, na kwa kawaida kilo ni zilezile hadi mwisho.

BintiKibirizi
Hapo kwenye kilo mzee amenikumbusha. Dada, kwa tiketi mbili, ukitua Dar na kilo 40 halafu ndege ya Kigoma ikaruhusu 23, utalipia zilizozidi. Zitoe Dar kwa basi, lami ipo.

Fundi_Anga
Nyongeza ya begi kupotea: nafuu au ghali, Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa haki za abiria na mizigo ya ndege, ni mmoja, na Tanzania na Falme za Kiarabu zote zimo. Begi likiharibika andika malalamiko ndani ya siku 7, likichelewa siku 21 tangu ulipolipata. Usitoke uwanjani bila karatasi ya shirika ya kuonyesha umeripoti.

MamaMashuka_Mwanga
Mungu awabariki wote. Mzee wangu, pole sana kwa yale ya mama.

Nimekaa na katibu na mume wangu nikawasomea yote. Bei ya tiketi moja kutoka Kigoma tumeiulizia, lakini tarehe zake hazikutufaa. Tumekubaliana bei nafuu, begi moja tu kurudi, mzigo kwa wakala wa ndege. Naondoka hapa siku tatu kabla, nalala kwa shangazi Mbagala. Pesa iliyobaki imeandikwa kwenye daftari la kikundi kuwa ni ya wakala. Mume wangu bado hajafurahi, ila amekubali kunisindikiza hadi Katubuka uwanjani.

Swali la mwisho: begi nitalipimaje nikiwa kule hotelini?

BintiKibirizi
Njoo kesho Kibirizi nikuazime mzani wangu mdogo wa kuning'iniza, ninaopimia dagaa. Nitauosha vizuri.