Wenzangu wanataka posho ya hatari, mimi nataka kinga za mashine zirudishwe: naomba ushauri

Mwakilishi Mpya
Ndugu zangu, habari za kazi. Miezi miwili iliyopita nilichaguliwa kuwa mwakilishi wa usalama kiwandani, na tawi la chama chetu linajiandaa kwa mazungumzo ya mkataba mpya wa hali bora. Tunazo mashine za rola ambazo kinga zake, yaani vifuniko vinavyozuia mkono usifike kwenye rola, tumeziondoa sisi wenyewe, kwa sababu tunalipwa kwa idadi ya vipande, na kufungua kinga kila malighafi inaponasa kunatupunguzia kipato. Msimamizi anaona na kunyamaza. Hivi karibuni mwenzetu alinusurika kuvutwa mkono. Uongozi ukagawa glavu na kumwandikia barua ya onyo. Katika mkutano wa tawi wengi walitaka tudai posho ya mazingira hatarishi, na nilipopinga niliambiwa kuwa nimeanza kumsemea mwajiri. Je, nikubaliane nao, au nisimamie kinga zirudishwe huku nikijua kuwa kipato chao kitashuka?

Fundi Mstaafu
Mdogo wangu, hongera na pole kwa pamoja. Glavu hizo zikusanywe leo hii, maana kwenye rola zinazozunguka kitambaa hunasa upesi na mkono hufuata. Vifaa vya kujikinga ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna kuiondoa hatari yenyewe, kubadili njia ya kufanya kazi, na kuweka kizuizi kisichotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka mwishoni mwa zamu.

Kuhusu posho, nimekaa upande wa wafanyakazi katika meza ya mazungumzo kwa miaka mingi, na ninachokijutia zaidi ni posho ya vumbi ambayo tuliishangilia sana siku iliposainiwa. Tangu hapo, kila tulipodai mitambo ya kunyonya vumbi tulijibiwa kwamba vumbi limekwisha kulipiwa. Baya zaidi ni kwamba baadhi yetu tuliiogopa mitambo hiyo, kwa kuwa vumbi likiisha na posho nayo ingefutwa.

Msema Kweli
Naafiki kuhusu posho, lakini tusikipambe chama. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi, kamati ya usalama ilikutana, ikasaini karatasi ya mahudhurio, ikanywa chai na kutawanyika. Viongozi wa tawi hutafuta kura, na nyongeza huonekana kwenye hati ya mshahara, ilhali kidole ambacho hakikukatika hakionekani popote.

Hata hivyo, mleta uzi anakosea anapowataka wenzake wachague kati ya kidole na kipato. Kinachoondoa kinga ni malipo kwa kipande. Mkaguzi wa serikali anaweza kuamuru kinga zirudishwe, naye akishaondoka zitafunguliwa tena, kwa kuwa si kazi yake kupanga namna mnavyolipwa. Chama ndicho kinachoweza kuweka usalama na malipo katika kifungu kimoja.

Dada wa Sheria
Kaka, ongeza haki ya kuacha kazi yenye hatari. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa na ya karibu, akiwa na sababu ya msingi ya kuamini hivyo, asiadhibiwe. Na mwajiri hawezi kumtaka arudi mahali ambapo hatari ya namna hiyo bado inaendelea. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi kazini.

Haki hiyo ina uzito pale inapodaiwa na wengi. Katika jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, nyufa zilionekana siku moja kabla ya jengo kuanguka tarehe 24 Aprili 2013. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa watumishi wake, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini, na zaidi ya watu 1,100 walikufa. Makubaliano ambayo vyama vya kimataifa vya wafanyakazi vilisaini baadaye na kampuni za mavazi yaliibana kisheria kila kampuni iliyosaini, na haki ya kukataa kuingia katika jengo la hatari ilikuwa ndani yake.

Mwakilishi Mpya
Asanteni sana. Sikuwa nimefikiria kuhusu kipande. Kifungu hicho kiandikwe vipi ili wenzangu wasione kuwa wanapokonywa?

Fundi Mstaafu
Andika kwamba muda ambao mashine imesimama ili kunasuliwa au kusafishwa utalipwa kwa wastani wa kipato cha saa cha mfanyakazi husika, kwamba swichi itafungwa kwa kufuli na ufunguo utakaa kwa yule anayeingiza mkono, na kwamba mwakilishi atakagua ndani ya saa za kazi bila kukatwa malipo. Kabla ya kikao, fungueni daftari na kwa wiki mbili mwandike kila mashine inaponasa na dakika inazosimama, kwa sababu mwajiri atadai kuwa ni muda mdogo, nanyi mtahitaji hesabu yenu. Ila barua ya onyo ya yule mwenzenu mwidai ifutwe kwanza. Ikibaki kwenye jalada lake, hakuna atakayeandika lolote katika daftari hilo.